Likizo ya Mvua: Kazi za Mikono na Watoto Watatu Kisauni

Masika yakiingia Mombasa, kwangu huja na mambo matatu kwa pamoja. Shule hufungwa. Hoteli za ufuoni hupungukiwa wageni, na sisi tusio na ajira ya kudumu huambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Na dada anayetusaidia kazi huomba ruhusa arudi kwao Kaloleni kupanda mahindi, maana mvua ya kwanza ikikupita, shamba limekupita. Mke wangu ni karani mjini, na ofisini kwao hakuna masika wala kiangazi. Anayebaki na watoto ni mimi.

Watoto wenyewe ni binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 8, na kitindamimba wa miaka 4 ambaye usingizi wa mchana alikwisha kuukana. Tumepanga upande mmoja wa nyumba ya Kiswahili hapa Kisauni, baraza mbele, ua nyuma tunaoutumia na majirani. Televisheni ipo, lakini stima wakati wa mvua ina mambo yake.

Mwaka ninaousimulia ni 2024. Shule zilifunga muhula wa kwanza tarehe 5 Aprili, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, na zilikuwa zifunguliwe tarehe 29. Yaliyofuata wengi mnayakumbuka. Mafuriko yaliikumba nchi, kufungua kukasogezwa hadi tarehe 6 Mei, kisha kukaahirishwa tena, na watoto wakarudi darasani tarehe 13 Mei. Likizo ya wiki tatu ikavuka wiki tano. Mfuko wangu ulikuwa umepangwa kwa zile tatu.

Mimi hotelini ni wa vyumbani. Natandika vitanda, napanga taulo. Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 31 Machi na bado tulikuwa na wageni wa mwisho wa msimu, wengine kutoka Ulaya na watoto wao. Kwao Pasaka huangukia majira ya kuchipua. Miti iliyokaa mitupu wakati wote wa baridi ndiyo kwanza inatoa majani, mchana unarefuka, na kuku waliopunguza kutaga kwa sababu ya giza wanarudia kutaga. Kwa hiyo mapambo yao ya msimu huo ni mayai, vifaranga, sungura na maua ya njano. Pale hotelini kuna chumba cha watoto, na kila nilipopita na rukwama yangu ya mashuka niliwaona watoto wa wageni wamekalishwa mezani wakipaka mayai rangi, wakikata sungura wa karatasi, wakibandika vipande vya gazeti vilivyochovywa gundi juu ya puto ili vikikauka puto lipasuliwe, libaki bakuli. Asubuhi yake kila kitu kilikuwa kikavu, kigumu, kizuri. Nikajiambia: haya hata nyumbani yanawezekana.

Nilipoambiwa nikapumzike, nikapitia mjini kununua manila za rangi, gundi nyeupe, rangi za maji na puto. Zilikwenda kama shilingi elfu mbili, na kwa mtu aliyetoka tu kusimamishwa kazi hizo si pesa za mchezo. Kinachokula pesa si manila, ni gundi na rangi. Na kama una mtoto kwenye mtaala huu wa sasa, tazama kwanza uvunguni mwa kitanda kabla hujaenda dukani. Nyumba zetu hazikosi mabaki ya manila za kazi za shule tulizozimaliza sisi wazazi saa nne za usiku.

Tulianza na bakuli za gazeti. Gundi tuliiokoa kwa kupika uji wa unga wa ngano, mwepesi, tukauacha upoe. Watoto walichafuka hadi masikioni, wakafurahi, na puto tukazitundika kwenye kamba ya nguo chini ya bati. Kesho yake zilikuwa mbichi. Keshokutwa mbichi vilevile, na zimeanza kunuka. Baadaye zikaota ukungu wa kijani, na sisimizi wakajipanga kutoka ufa wa ukuta hadi kwenye kamba wakija kula. Mvulana alifurahia sisimizi kuliko alivyofurahia bakuli, akawa anawaongezea sukari. Binti alilia. Lake alikuwa ameshalipangia kuwa la tende za futari.

Tukahamia unga wa chumvi: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, unakanda, unafinyanga utakacho. Tulifinyanga miezi na nyota za Idi, tukazipanga dirishani. Badala ya kukauka zikatoa jasho. Hapo sikushangaa sana, kwani kila mwenye kibakuli cha chumvi jikoni hapa Pwani anajua kwamba masika yakiingia chumvi hulowa yenyewe bila kumwagiwa tone. Manila nazo zikalegea. Sungura wa karatasi aliyesimama wima usiku aliamka amejilaza kifudifudi.

Nilikaa na saumu yangu nikiwaza. Hotelini mbona yalikubali? Jibu nililipata nilipokumbuka kwamba kile chumba cha watoto kina kiyoyozi usiku na mchana. Kiyoyozi hakipoozi tu, kinakausha hewa pia, na yale maji yanayodondoka kwenye mrija wake nje yametoka ndani ya hewa ya chumba. Mimi nilikuwa nataka uani kwetu, mwezi wa Aprili, kufanye kazi ya mashine. Na Aprili bado ni cha mtoto. Mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa ni Mei.

Tangu hapo tukawa na kanuni moja ya nyumba: kunja, shona, funga, suka. Usibandike. Chochote kinachongoja kukauka chenyewe tuliachana nacho mpaka mvua ziishe. Nyota za chumvi zilizokwisha kufinyangwa tuliziokoa baada ya futari kwa sufuria ya mkate wa mchele, makaa kidogo chini na kidogo juu ya kifuniko, moto wa kufifia kabisa. Zikikauka lazima uzipake kitu mara moja, la sivyo zitafyonza unyevu upya. Sisi tulizipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, ya mke wangu, ambaye alijua baadaye.

Ile kanuni iliiponya Idi. Watoto walitaka vijibahasha vya kutilia mkono wa Idi, na safari hii hatukugusa gundi. Kila nyumba ina kalenda za zamani za madukani. Karatasi yake ni nzito, ina mng'aro, haifyonzi unyevu upesi. Binti alikata, mvulana akakunja, na pembeni tukashona kwa sindano na uzi wa rangi, mishono mirefu. Mtoto wa miaka 8 anaweza kushona karatasi vizuri ukimtobolea matundu kwanza kwa msumari. Wa miaka 4 kazi yake ilikuwa kutia ndani shilingi ishirini ishirini za sarafu, na kuzitoa, na kuzitia tena. Kama hujui la kumpa mtoto wa umri huo, mpe kazi ya kutia na kutoa.

Mayai nayo tulifanya, bila sungura. Tulitoboa tundu huku na huku, tukapuliza ute na kiini vikatoka, vikaenda kwenye mkate wa mayai wa daku. Maganda tukayachemsha kwa maji ya manjano, mengine kwa maganda ya vitunguu vyekundu, ambayo hutoa rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Ganda la yai halijali mvua. Mengi yalivunjika mikononi mwa yule mdogo, lakini yaliyopona bado yamening'inia dirishani.

Kwenye hina nataka kukawia kidogo, kwa wazazi wenye mabinti. Usiku wa kuamkia Idi (ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili) binti yangu alitaka achorwe "nyeusi", kama wenzake. Hiyo nyeusi inayoshika kwa dakika chache si hina. Ni piko, rangi ya nywele, na aghalabu ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, ambayo kwenye ngozi, ya mtoto hasa, inaweza kuleta malengelenge na kuacha alama. Mbaya zaidi, aliyedhuriwa nayo mara moja mwili unaweza kuikataa maisha yake yote, hata katika rangi ya nywele atakapokuwa mtu mzima. Nilikataa, akanuna, mama yake akaniunga mkono, akanuna kwa wote wawili. Tukaifanya hina wenyewe. Tulichekecha unga kwa kipande cha mtandio mwepesi ili usizibe ncha, tukakanda kwa maji ya ndimu na sukari kidogo ili ishike mkononi, tukaiacha imefunikwa tangu asubuhi hadi jioni, kisha tukaijaza kwenye koni. Jirani yetu ndiye aliyechora. Hina ya kweli ukiibandua huwa ya chungwa, ndiyo maana wasichana huidharau, lakini iache siku moja au mbili itaiva iwe nyekundu ya kukolea. Mwambie mtoto hilo mapema. Mimi sikumwambia binti yangu kwa sababu sikulijua, na asubuhi ya Idi ilianza na uso mzito.

Idi yenyewe ilipita vizuri, wali ukalika, wageni wakaja. Kilichofuata ndicho kilichonishinda: mvua bila ya Idi ya kungojea.

Kwa wiki moja hivi niliishi kwa ujuzi wa hotelini. Taulo ya kuogea na ya mikono hutoa tembo. Taulo moja ikisokotwa kutoka pembe mbili hutoa bata maji mwenye shingo ndefu. Nimetengeneza tembo wa taulo kwa wageni miaka mingi na sikuwahi kuwaonyesha wanangu, sijui kwa nini. Pengine niliona ni kazi, na kazi huachwa getini. Walipomwona wa kwanza juu ya kitanda chao walipiga kelele hata jirani akaja. Tukahamia kwenye leso na vitambaa vya meza: kofia ya askofu, kipepeo, mfuko wa kijiko na uma. Nguo unaikunja na kuikunjua bila gharama, na unyevu unaisaidia kukaa. Tatizo ni moja tu. Ukiwa na watoto watatu na taulo nne, mtu ataoga na kujikausha kwa nini?

Hali yangu mwenyewe siku hizo haikuwa nzuri, niseme ukweli. Mwanamume aliyezoea kutoka alfajiri, akikaa nyumbani na mkewe ndiye anayetoka, huanza kuhesabu vitu. Anahesabu sukari. Nilikuwa mkali kwa mambo madogo, mkasi ulioachwa sakafuni, kifuniko cha rangi kisichofungwa. Kuna siku niliwapa simu tangu asubuhi hadi betri ikaisha nikalala, na siku hiyo sijutii. Ndiyo iliyoniwezesha ya pili yake.

Mama mkwe wangu anakaa Likoni. Jumamosi moja mvua ilipopusa kidogo alivuka feri akaja kututazama. Aliikuta sebule imejaa manila zilizolegea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya ni masomo au ni taka?"

Nikamweleza habari ya hotelini, puto, kiyoyozi na sisimizi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Mvua yote hii wawapa watoto karatasi? Karatasi na maji wapi na wapi. Ngoja niwaletee miyaa."

Mwenyewe alikuwa msusi wa mikeka alipokuwa na macho. Aliporudi alikuja na mafungu ya miyaa, majani ya mkoma ya kusukia, yaliyotoka kwa jamaa zake Kwale, na pakiti mbili za rangi ya unga. Alinieleza jambo ambalo kwangu lilikuwa jipya na kwake halikustahili kuelezwa: muwaa ukiwa mkavu huvunjika. Msimu wa kaskazi msusi hulazimika kuulowanisha na kuufunika kitambaa kibichi, na akikawia anaurashia tena. Masika hewa yenyewe inamfanyia kazi hiyo. Unyevu ule ule ulioniozeshea bakuli ndio unaotakiwa kwenye ukili, ule utepe wa miyaa unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Nilitamani angekuja wiki mbili mapema na kuziokoa zile elfu mbili.

Rangi ni shughuli ya mtu mzima. Unachemsha maji katika sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena kwenye chakula, unatia unga wa rangi, unazamisha miyaa na kuigeuza mpaka ikolee, unaitoa na kuianika uvulini. Vaa glavu. Mimi nilikaa na vidole vya zambarau, nikiulizwa kila dukani kama nimepiga kura.

Watoto wao nyanya aliwafundisha kwa mwendo wake. Kwanza kuchana: muwaa unachanwa kwa ncha ya sindano uwe na upana sawa, na hapo ndipo uzuri wa mkeka unapoanza, wala si kwenye kusuka. Binti alitaka kuruka hatua hiyo, na ukili wake wa kwanza ulipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Aliufumua mwenyewe. Kisha akaanza na miyaa minne, akaongeza alipozoea mkono. Mvulana hakutaka kusikia habari za ukili, ni kazi ya wanawake, mpaka alipomwona nyanya yake amebana ncha kwa kidole gumba cha mguu huku mikono ikienda yenyewe. Miguu kutumika kazini kulimvutia. Akasuka kipande kirefu chembamba, akakifanya mkanda wa suruali. Yule mdogo tulimpa kutenganisha miyaa mirefu na mifupi, nyekundu na ya kijani, na akidai naye kusuka tulimfungia mitatu kwenye mguu wa kiti, asokote apendavyo.

Neno lile la mvulana, kazi ya wanawake, lilinigusa kwa kuwa wanaume wa baraza la pili nao walikuwa wakilisema, kwa njia yao. Kila wakipita: "Bwana, mkeka wangu utakuwa tayari lini?" Nilihamia uani siku kadhaa ili nisionekane. Halafu bati la uani likaanza kuvuja nikarudi barazani, nikaonekana. Mzee mmoja miongoni mwao, mcheshi kuliko wote, alikuja kucheka kwa karibu, akaishia kukaa. Akasema ukili haujui, lakini pakacha alisuka sana utotoni, la kubebea maembe. Kwani kuti liko wapi?

Kuti lilikuwepo. Mkwezi wa mtaani akikata madafu huangusha na makuti, na ukimpa kitu kidogo anakuletea hadi mlangoni. Msimpeleke mtu juu ya mnazi uliolowa kwa ajili ya mchezo wa watoto, ngojeni siku atakayokwea kwa shughuli zake. Mzee alitaka kuti bichi, la kijani. Alikata kipande cha urefu wa mkono, akapasua upongoo, ule uti wa kuti, katikati, akavikunja vipande viwili kuwa mdomo wa duara, kisha majani akayapitisha juu na chini kwa mshazari mpaka yakakutana, akasokota mikia na kuifunga chini. Muda wote huo hakuacha kupiga soga. Pakacha halitaki sindano, uzi, rangi wala gundi, na mtoto wa miaka 8 analimaliza kwa kikao kimoja kabla hajachoka. Kwangu hilo ndilo la kuanzia, kabla ya ukili. Ukili unataka subira ambayo wengi wao hawajawa nayo. Mapakacha ya mvulana yalikuwa mapana kama beseni, lakini yalibeba vitunguu na viazi, na nadhani hicho ndicho kilichomgeuza moyo: mama yake alitoka sokoni akatia viazi vya kweli ndani.

Nililiona hilo tena na tena. Kilichofanywa ili kitazamwe kiliachwa katikati. Kilichofanywa ili kitumike kilimalizwa, hata kikiwa kibaya. Kipepeo cha ukili cha binti kilipepea moto wa jikoni, na sisi wenyewe stima ilipopotea. Kawa lake lililopinda upande lilifunika sinia ya chakula na nzi hawakujali kupinda. Upawa wa kifuu tuliutengeneza mimi na mvulana. Kifuu tunacho kila tunapokuna nazi. Mimi nilitoboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, yeye akasugua kwa msasa kwa siku kadhaa, kila akinuna anakwenda kusugua, na mwisho tukaupaka mafuta ya nazi. Wazee walikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Msasa ni rahisi, acheni kioo.

Kuhusu vifuu kuna onyo. Tulikuwa tumevikusanya uani vya kutosha, vingine kwa upawa, vingine kwa ngalawa, njiti ya chelewa (ule ufagio wa makuti) ndiyo mlingoti na jani ndilo tanga. Vifuu vikilala wazi mvuani vinashika maji, na mbu wanaoeneza dengue na chikungunya hutaga humo humo, kwenye maji safi ya vyombo vidogo, tena huuma mchana. Mombasa haihitaji kuhadithiwa. Homa ya chikungunya ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 iliwaacha watu wakitembea wameinama. Vilazeni vifuu kifudifudi au viwekeni ndani. Na ngalawa zielee kwenye beseni la maji ya bomba, si kwenye maji yaliyotuama njiani. Maji hayo yamepitia vyooni, na chini yake huenda kuna shimo lisilo na mfuniko.

Kishada, au tiara kama tunavyoita, mvulana alikililia sana na tulikijaribu. Aprili si wakati wake. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika sawasawa, upepo unageuka ukiwa bado unafungua uzi, na kimanyunyu kimoja kinaibwaga karatasi. Tulitunza njiti za chelewa, kusi iliposhika ikaruka.

Tangazo la kwanza la kusogeza shule lilipotoka watoto walishangilia. La pili halikushangiliwa na mtu. Binti alianza kuuliza kama mitihani itasogezwa nayo, na mimi nilianza kuuliza duka la jirani kama daftari la madeni lina nafasi. Redioni walitaja nyumba zilizosombwa, watu waliokufa, na ilikuwa vigumu kusuka kwa furaha huku ukisikia hayo. Hatukuizima redio. Tulisuka tu bila kusema sana, na nyanya, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamia kwetu kabisa, aliwaambia habari za mvua za utotoni mwake. Mkeka mkubwa walioanza siku hizo haukumalizika. Ukili wake umezungushwa juu ya msumari jikoni, karibu na moshi, kwa sababu ukiuacha kwenye kona yenye unyevu nao unaota ukungu. Miyaa inapenda maji wakati wa kusukwa tu.

Hesabu ya mwisho: miyaa, rangi, makuti na msasa vyote pamoja havikufika nusu ya pesa nilizoacha kwenye lile duka la mjini, na miyaa ilibaki. Manila na puto zilizosalia nimezitia kwenye ndoo yenye kifuniko. Desemba kaskazi ikivuma na jua likirudi, bakuli la gazeti litakauka upesi uani, na tutalijaribu tena. Sisimizi mvulana amesema atawaalika yeye mwenyewe.